Binti Yangu Ndiye Dubwana la Sayari ya Saba

Mpendwa Bi Mishi, assalaam aleikum.

Nakuomba uniazime sikio lako, na ukiichapisha barua hii majina usiyafiche, kwa kuwa huku kwetu Shimoni hakuna asiyejua, hata mbuzi wanajua. Mimi naitwa Twahir, fundi wa mashine za boti, mume wa Asiya, na Mwenyezi Mungu ametujaalia mtoto mmoja tu, Hadiya, na barua hii inamhusu yeye, ingawa mke wangu anasema inanihusu mimi.

Nianze na filamu, maana bila filamu hutanielewa. Bila shaka unazijua zile za Sayari Kumi, za merikebu inayoruka angani kutoka sayari moja hadi nyingine ikitafuta mahali ambapo watu wake waliotawanyika wataweza kuishi tena, kila filamu sayari moja, zilianza kutoka kabla Hadiya hajazaliwa na mpaka leo hazijafika kumi. Ya kwanza niliiona Mombasa nikiwa kijana sina mke, ya pili niliiona na Asiya tukiwa wachumba naye akalala usingizi mwanzo mpaka mwisho, na kuanzia ya tatu mwenzangu akawa Hadiya, kitoto kidogo nikikipakata, tukimaliza tunairudia, kisha tunabishana kutwa nzima, mimi nasema Nahodha angegeuza merikebu mapema, yeye anasema la, baba, angegeuza wale wa chumba cha mashine wangekufa, na mtoto huyo hajaanza hata shule.

Basi mtoto akakua, na alichokipenda kikawa maji. Sisi bahari iko mlangoni, lakini wasichana wengi wa kwetu hawaogelei, na watu walisema, nami nikawaacha waseme. Leo Hadiya ni mpiga mbizi, anafanya kazi Diani, anawashusha wageni chini kwenye matumbawe na kuwarudisha salama, na ana pumzi, Bi Mishi, ana pumzi ya ajabu, anakaa chini bila mtungi wa hewa mpaka wewe uliye juu ndiye unayeanza kutapatapa.

Mwaka juzi wakafika Diani watu wa filamu wakikodi boti, na mimi mwenyewe niliitwa kuwatengenezea mashine moja iliyokuwa ikikohoa, nikaitengeneza nikaenda zangu wala sikuuliza ni filamu gani. Kumbe walikuwa na vazi la mpira lenye mkia na magamba, na mtu waliyekuja naye wa kulivaa aliugua masikio hawezi kuzama, na mkubwa wa Hadiya kazini akawaambia, mjaribuni huyu. Wakamjaribu. Walimpenda mpaka wakamchukua ng'ambo wakamalizie naye kwenye tangi kubwa la maji, akakaa huko, akarudi, na alichotuambia mimi na mama yake ni kwamba amefanya kazi ya filamu na ametia sahihi kwamba hatasema neno mpaka itoke. Ilipotangazwa kwamba imetoka ndipo akatukalisha kitako, akaurudisha mlango, akasema, "Baba, ni Sayari Kumi. Ni ile ya saba. Mimi ndiye dubwana."

Nililia, sitakuficha. Mimi nimeshinda maisha yangu nimeinama juu ya mashine za watu, na mashine ikishapona hakuna anayekaa akaitazama, mtu anawasha anaondoka. Na mwanangu huyu ameingia ndani ya kitu ambacho mimi nilikuwa nikikitazama kama unavyotazama mwezi.

Sasa Hadiya ana mchumba, kijana Iddi, nahodha wa boti ya watalii hapa hapa Shimoni, kijana mtaratibu, babake alifariki zamani na aliyemlea ni ami yake, Mzee Suleiman wa Msambweni, na Mzee Suleiman ndiye aliyekuja kwetu kuposa, mtu mwenye heshima zake, mkali kidogo. Hadiya akasema, "Mzee Suleiman nitamweleza mwenyewe. Nitakwenda kwake Idi tatu na mkate wa sinia, nimweleze taratibu asije akasikia vichochoroni. Mpaka hapo, baba, tafadhali usiseme." Nikamwambia, "Wallahi sitasema."

Lakini Idi pili, Harrison, yule mtu wa bara mwenye ukumbi wa kuonyesha mpira Msambweni, akabandika tangazo kwamba baada ya swala ya alasiri anaionyesha Sayari Kumi ya saba. Nikajiambia, kutazama si kusema. Nikaenda na mke wangu. Ukumbi ulijaa, watoto na nguo zao za Idi, akina mama na vipepeo vyao vya ukindu, na safu ya mbele kabisa ameketi Mzee Suleiman na bakora yake, wajukuu wamemzunguka, ndio waliomburura kuja.

Dubwana likatoka. Ninyi wengine mliona dubwana, Bi Mishi, mimi nilimwona mwanangu. Uso haukuonekana hata chembe, lakini Hadiya akipinduka majini hutanguliza bega la kushoto, halafu mguu mmoja unachelewa kidogo, tangu mdogo, tangu siku nilizokuwa nikimshika tumbo kwa kiganja kwenye maji ya mbele ya nyumba yetu, na dubwana likapinduka hivyo hivyo, bega kwanza, mguu nyuma, nami nikamfinya Asiya mkono mpaka akanipiga kofi. Lilikuwa linalinda mayai yake pangoni. Wale wa merikebu walihitaji maji ya pango lile wasife kiu, na Nahodha akashuka na silaha yake, na dubwana likatandaza mikono mbele ya mayai halikukimbia, na Nahodha akapiga.

Ukumbi mzima ukashangilia. Watoto wakarukaruka juu ya viti. Na Mzee Suleiman akasimama, akainua bakora yake juu, anapaza sauti, "Mpige tena! Mpige cha kichwa, mwanalaana huyo! Asiinuke!"

Sijui nilisimamaje. Nilijikuta nimesimama juu ya benchi nikisema, "Komeni! Komeni nyote! Huyo mnayemlaani ni mwanangu! Ni Hadiya bint Twahir huyo!"

Harrison akaisimamisha filamu, akasema, "Mzee Twahir, tulia bana, wasee wanaona muvi." Mtu mmoja nyuma akacheka, na wengine wakamfuata, na Mzee Suleiman akageuka akaniuliza, "Nani? Hadiya yupi? Mchumba wa Iddi?" nami kwa hasira nikamjibu neno moja mawili, sikumbuki sawasawa, nadhani nilimwambia mtu mzima na mvi zake anapiga kelele kama kijana asiyetiwa jandoni, kisha Asiya akanivuta kanzu tukatoka. Mwisho wa filamu hatukuuona. Tumesikia tu kwamba yai moja liliingia kwenye tangi la maji la merikebu bila mtu kujua, na filamu ikaishia hapo.

Hadiya aliporudi kutoka kazini tayari alikuwa ameshasimuliwa njiani. Hakunigombeza. Alivua viatu, akaniamkia, akasema, "Baba, uliniahidi," akaingia ndani. Mkate wa sinia aliokwisha kuukorogea unga akauoka vivyo hivyo, tukaula sisi wenyewe, na hakuna aliyeusifu.

Kesho yake wakaja wazee wawili kutoka kwa Mzee Suleiman. Wakasema Mzee hawezi kuingiza nyumbani kwake mtu aliyejivika umbo la shetani akatazamwa na walimwengu, na kwamba Hadiya asimame mbele ya wazee atamke kuwa ameiacha kazi hiyo na hatairudia, au posa irudi. Hadiya aliwatilia chai, akakaa chini, akawasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Nimewasikia, wazee wangu. Mnisalimie Mzee." Na yote haya yanatokea wakati watu wa filamu wamempigia simu wanamtaka tena kwa ile ya nane, kwa sababu lile yai litaanguliwa na mtoto atakua humo humo ndani ya merikebu, na wamesema mwendo ule wa majini hakuna mwingine anayeuweza. Hakuna mwingine, Bi Mishi! Dunia nzima!

Sasa mimi nifanye nini? Kunyamaza siwezi. Nikiwa gatini nasimulia, nikiwa barazani pa msikiti nasimulia, juzi nilipanda tuktuk Ukunda nikamsimulia dereva mpaka akapitiliza pale nilipotaka kushuka. Picha ya dubwana ninayo kwenye simu, namwonyesha kila mtu, namwambia tazama bega hilo. Asiya ananiambia, "Twahir, mdomo wako ndio utakaoirudisha posa ya mtoto." Mimi namjibu kwamba kama ni aibu mimi siioni, na kama ukoo ule hauuoni utukufu huu basi hawamstahili, na afadhali nimjibu Mzee Suleiman mwenyewe mbele za watu, nimweleze kila kitu kuhusu filamu ile, kwamba lile si shetani bali ni kiumbe kilichokuwa kikilinda wanawe, na akibisha tubishane. Je, niende nikamweleze? Na ile ya nane nimwambie Hadiya aikubali, au nimwambie aolewe kwanza?

Nyongeza. Kabla sijaituma barua hii amekuja Iddi nyumbani, peke yake. Akasema, "Shikamoo, baba," nikamwitikia, nikamkaribisha, hakutaka kukaa. Akasema, "Baba, mimi nilijua tangu mwanzo. Boti iliyokuwa ikimpeleka nje ya mwamba na vazi lile, mimi ndiye niliyekuwa nikiiendesha. Kila alipozama nilikuwa sivuti pumzi mpaka atoke. Mimi namjivunia kuliko unavyodhani." Nikataka kumkumbatia. Kisha akasema, "Lakini kila unapoisimulia habari ile gatini, ami yangu naye anasimuliwa, na watu wanacheka. Nakuomba unyamaze, baba. Tuachie sisi." Akaaga kwa adabu akaenda zake. Bi Mishi, mkwe wangu mtarajiwa ananikataza kujivunia mwanangu wa kumzaa. Ndiyo dunia imefika hapo?

Wako,
Twahir, fundi wa mashine, Shimoni

*

Mzee Twahir, wa aleikum salaam.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya pili niliziruka habari zote za filamu ili nione kitakachobaki, na kilichobaki ndicho nitakachokujibu.

Kwanza pokea hongera. Nami nimeiona ile ya saba, na lilipokufa dubwana nilipiga makofi kama wote, kwa hiyo niwie radhi na unifikishie radhi kwa Hadiya. Mtoto wa Shimoni amewatia watu hofu ulimwengu mzima bila kuonyesha uso na bila kusema neno, kwa pumzi yake tu. Ukijivuna, una haki. Asiyejivunia mtoto kama huyo ndiye wa kuandikiwa barua.

Sasa nyoosha mgongo, nakugombeza.

Umeandika habari ndefu ya tangi, magamba, mayai na bega la kushoto. Lakini pale ulipomtukana mzee wa watu mbele ya wajukuu zake, siku ya Idi, umepapita mbio mbio kama mtu anayekanyaga makaa: "neno moja mawili, sikumbuki sawasawa." Unakumbuka vizuri sana, Mzee Twahir. Na mji mzima unakumbuka. Umemwambia mtu mwenye mvi kwamba hajatiwa jandoni, hapa pwani, na mtu huyo ndiye aliyekuja kwako kwa heshima kukuposea mwanao. Alikuwa amekosa nini? Alikwenda kutazama filamu akashangilia. Hakujua. Hakujua kwa sababu ninyi wenyewe mlikuwa hamjamwambia.

Jiulize, hoja ya shetani ilikuja lini? Haikuja ukumbini. Mtu aliyekwenda Idi pili na wajukuu zake kutazama madubwana hakuwa na ugomvi na madubwana. Hoja ilikuja kesho yake, baada ya mji kumcheka. Mwenye kuaibishwa hutafuta pa kushika, naye akashika alichokipata. Iddi amekuambia waziwazi, nawe hukumsikia, ulisikia tu neno "nyamaza". Kijana hajakukataza kujivuna. Amekuomba uache kumburura ami yake gatini kila uchao. Huyo ndiye mkwe, mshukuru Mungu. Ameificha siri ya mwanao tangu boti ya kwanza, wewe ulishindwa kuificha mpaka Idi tatu.

Na jingine. Mtoto amekuambia, "Baba, uliniahidi." Uliapa wallahi, ukavunja. Katika barua hii ndefu sijaona mahali ulipomwomba radhi. Umemsifu kwa dereva wa tuktuk, kwa watu wa gatini, kwangu mimi nisiyekujua. Yeye mwenyewe umemwambia nini? Sifa haziwezi kukaa mahali pa radhi. Alikuwa na maneno yake aliyoyapanga, na mkate wake, na siku yake, nawe ukayasema kwa niaba yake juu ya benchi.

Ile ya nane usiingie. Unaniuliza umwambie aikubali au aolewe kwanza, lakini sikuona popote ambapo Hadiya amekuuliza. Aliwatilia wazee chai akawajibu maneno mawili, na hakuna hata mmoja aliyetoka na ahadi wala na tusi. Msichana mwenye uwezo huo hahitaji wa kumsemea. Ana kazi, ana mchumba anayejua kila kitu. Wewe ni walii wake wa kumwozesha. Siku ya nikaha kazi yako itakuwa kumuuliza kama ameridhia, na kuanzia leo anza kujizoeza kuuliza.

Basi fanya hivi. Leo akirudi kazini, kabla hajala, mwambie, "Nilivunja ahadi yangu, nisamehe," na ukishasema hivyo usiongeze "lakini". Kisha mwombe ruhusa ya kwenda kwa Mzee Suleiman. Akikuambia ngoja, ngoja.

Akikuruhusu, nenda Msambweni baada ya alasiri, barazani kwake, watu wakiwepo. Ulimvunjia heshima hadharani, chumbani hutairudisha. Waombe wajukuu wale wawepo, maana walisikia. Mwambie, "Nilikutukana na hukuwa na kosa, naomba msamaha." Ya filamu usiyaguse. Usimweleze habari ya mayai. Usibishane habari ya shetani. Mimi si sheikh nawe si sheikh, na wenye elimu hiyo wapo Msambweni, wataulizwa na Hadiya na Iddi wenyewe watakapoona inafaa. Wewe omba msamaha na unyamaze. Itakuuma kuliko kidole kubanwa kwenye mashine. Nyamaza hivyo hivyo.

Akikataa, rudi juma lijalo useme tena. Akikubali, kunywa kahawa yake, uage, uende nyumbani. Na gatini wakikuchokoza, "Mzee, tupe za dubwana," waambie mwenye habari ni Hadiya, wamuulize yeye.

Sitaki ufikiri nakufunga mdomo maisha. Nakwambia jambo ambalo hukuliona kwa sababu ulikuwa umesimama juu ya benchi. Mzee mzima hainuki kitini akainua bakora kwa kitu kisichomgusa. Mwanao alimtia hofu Mzee Suleiman ya kweli kweli, akamsahaulisha mvi, akamsahaulisha wajukuu, kwa vazi la mpira tu na pumzi aliyoizuia. Jambo hilo litamsumbua yule mzee. Itafika siku, pengine kabla ya harusi, pengine baada ya mtoto wa kwanza, atakusogelea kitini, atatazama huku na huku asisikiwe, akuulize, "Hivi, Twahir, mle ndani alikuwa akivutia wapi pumzi?"

Siku hiyo, ndugu yangu, kaa vizuri, agiza kahawa ya pili, umweleze yote.

Bi Mishi